Sababu ya Kukohoa

3 Aprili, Kibaha

Mfungo umekwisha na sijarudi kwenye sigara. Mwezi mzima niliacha mchana nikavuta usiku, baada ya futari, kichwa nimekitoa dirishani ili mama mwenye nyumba asinuse. Mwezi wa Idi ulipoandama nilijiambia kwamba aliyeweza mchana ataweza na usiku. Maneno mazuri. Leo nimemjibu vibaya muuza chapati ambaye hajanikosea kitu.

Niandike jambo lenyewe, maana sina wa kumwambia. Nina kikohozi. Kilianza kabla ya Ramadhani. Nina pia virusi vya UKIMWI, huu mwaka wa tatu. Dawa nameza kila usiku, sijakosa, na kipimo cha mwisho kilisema virusi havionekani kwenye damu. Nilipokuwa navuta, kikohozi kilikuwa na mwenyewe. Kilikuwa cha sigara. Nikipungua, sigara. Nikihema kupanda ngazi za ofisini, sigara. Sasa nimeiacha na kikohozi kimebaki. Ni cha nani?

Watu husema wanaogopa kuacha kwa sababu ya hamu. Hamu naiweza. Siwezi kukohoa bila sababu.

5 Aprili

Mvua. Nimekula pipi za mnanaa mpaka ulimi umechubuka.

6 Aprili, Kisarawe

Nimelala kwa Bibi Biubwa, aliyenilea. Nyumba yake iko mbele ya Mzenga, na mvua ikinyesha hivi bodaboda wa Mlandizi wanakataa kuja mpaka uwabembeleze.

Bibi yuko eda. Babu, Mzee Mwinyimadi, alifariki Januari, na bibi atakaa ndani mpaka miezi minne na siku kumi zitimie. Yuko chumba cha ndani, nguo nyeupe, pazia mlangoni, dirisha limezibwa kwa kanga ili wapita njia wasimwone. Ndugu tunapokezana kukaa naye. Mwisho wa juma ni zamu yangu. Namkanda miguu kwa mafuta ya nazi, tunakula sinia moja, tunalala kitanda kimoja. Chumba kina joto la watu wawili na harufu ya udi.

Yeye huniita mke mwenzake, kama bibi wote wa huku wanavyowaita wajukuu wao wa kike. Leo nilipoingia alisema, "Mke mwenzangu umekuja? Mume katufia wote, wewe umekwenda kutembea Kibaha, eda yote nimeachiwa mimi." Nilicheka nikakohoa. Nikageukia ukutani.

Babu naye alikufa kwa kifua. Alikohoa mwaka mzima, akakonda, akafa. Barazani jioni baba mdogo Mudathir, mtoto wa mwisho wa babu, alirudia tena maneno ambayo yamekuwa kama dua katika nyumba hii: sigara zilimla mzee. Aliyasema akiwasha ya kwake.

Mimi nilikaa upande moshi ulikokwenda. Mwanaume anavuta barazani kwa baba yake. Mimi nilivuta miaka mitano, na hakuna mtu wa nyumba hii anayejua.

9 Aprili, Zegereni

Kazini. Wilfred, dereva wa foklifti, alikuwa mwenzangu wa kuvuta nyuma ya stoo. Leo alikuja mpaka mlango wa maabara, mahali ninapopima sabuni, akauliza kwa sauti ya kuwafurahisha wenzake, "Dada wa maabara, umeokoka au una mimba?"

Nilimwambia nimechoka tu kununua. Akasema mwanamke haachi sigara bure, yupo anayemwachia, amtaje tumchangie harusi. Nilicheka, na kicheko kikageuka kikohozi kirefu, cha kuinama. Yeye akapunguza sauti. "Hicho kifua, dada yangu, kinaitaka yenyewe. Vuta moja kitulie."

Nimerudi nyumbani nikimchukia kwa sababu nilitaka kumwamini.

14 Aprili

Kliniki. Nilimwambia Sista Stellamaris kwamba nimeacha sigara. Aliweka kalamu chini, akanishika mkono kama nimefaulu mtihani. Akasema watu hawalijui hili: mtu anayemeza dawa vizuri kama mimi, sigara humpunguzia miaka mingi kuliko virusi. "Virusi tumevifungia ndani, mama. Usimfungulie mwizi mwingine mlango wa nyuma."

Halafu akauliza maswali ambayo huuliza kila mara. Unakohoa? Una homa? Unatoka jasho usiku? Umepungua? Nilisema hapana kabla hajamaliza la kwanza. Sikupanga. Mdomo ulijibu wenyewe, kama mtu anavyosema marahaba. Kusema ndiyo ni kupewa kopo la makohozi, kopo linakwenda maabara, na maabara hurudisha jina la ugonjwa. Mimi nafanya kazi maabara. Najua kwamba kitu kisichopimwa hakina jina.

16 Aprili

Nimeamka nikapapasa shuka. Kavu. Au lililowa likakauka.

19 Aprili, Kisarawe

Bibi anakohoa.

Nilikuwa jikoni nasonga ugali nikadhani ni mimi. Kwa muda mfupi kabisa nilidhani kikohozi kimetoka kwangu na masikio yamechelewa. Kisha kikaja tena, kutoka chumba cha ndani, kikavu, kifupi, mwisho wake kinavuta.

Nilimuuliza tangu lini. Akasema tangu mvua zilipoanza, ni baridi tu, nimletee tangawizi. Nilimletea. Nilikaa mbali kidogo na kitanda, akaniuliza kama nimemkasirikia, nikasogea.

Tangu Februari nimelala naye chumba kisicho na hewa, uso kwa uso. Nimekohoa humo kila mwisho wa juma nikisema ni vumbi.

20 Aprili

Alikohoa tena alfajiri. Nilijifanya nimelala.

22 Aprili, Kibaha

Kazini nimekosea vipimo mara mbili. Msimamizi amenitazama tu. Mvua haijakatika, ukuta wa chumba changu umeota ukungu. Nimesoma kwenye simu kuhusu kifua kikuu mpaka chaji ikaisha, nikachaji, nikaendelea. Wazee hukipata kwa urahisi. Sisi wenye virusi hukipata kwa urahisi zaidi. Kila sentensi niliyoisoma ilikuwa ama yangu ama ya bibi.

26 Aprili, Kisarawe

Nimevuta.

Bibi alinituma kuchukua shuka kwenye sanduku la babu. Katikati ya kanzu zake kulikuwa na pakiti ya sigara, nusu imejaa, na kiberiti. Hakuna aliyezitoa. Nadhani Mudathir hajaziona, angezimaliza.

Niliweka pakiti kwenye kanga nikaenda nyuma ya choo, kwenye migomba, mvua ikinyunya. Nataka niandike kwa usahihi kilichonipeleka. Hamu ilikuwepo, lakini si hamu. Asubuhi bibi alikohoa na mimi nikakohoa, tukakohoa kwa zamu kama watu wanaoitikiana, na yeye akacheka akasema, "Mume katuachia urithi." Basi nilipoikuta pakiti, nikatoka nayo. Nilivuta ili nikohoe kwa sababu. Nilitaka, nikitoka pale, mtu akiniuliza naumwa nini, niwe na jibu la kweli.

Sigara ilikuwa na unyevu, ya zamani, chungu. Nilivuta yote. Nilikohoa mpaka nikashika mgomba. Na nilipotulia, kutoka ndani ya nyumba, nikamsikia bibi anakohoa. Bibi hajawahi kuvuta maisha yake yote.

Hapo sigara haikunisaidia kitu. Nilibaki nimekishika kichungi mpaka kikazima chenyewe.

Pakiti nimeitumbukiza chooni. Nilinawa na majani ya mlimau, nikasukutua, nikarudi na shuka. Bibi alinitazama, akasema nimekonda.

29 Aprili, Kibaha

Nimekwenda kliniki siku isiyo yangu. Nilikaa kwenye benchi mpaka Sista Stellamaris aliponiona, nikamwambia kabla sijaketi vizuri: nakohoa, tangu kabla ya Ramadhani, na siku ile nilikudanganya.

Hakunigombeza. Ningependa angenigombeza. Alinipa kopo, akanipeleka nyuma ya jengo chini ya kibanda kilicho wazi, akaniambia nivute pumzi ndefu nitoe kutoka chini kabisa, si mate. Kando yangu alikuwepo baba mmoja mzee na kopo lake, tukapeana migongo kwa heshima.

Akasema kitu kingine nilipomrudishia. Kwamba aliyeacha sigara huweza kukohoa wiki kadhaa zaidi ya alivyokohoa akivuta, maana mapafu yanaanza kujisafisha. "Inaweza kuwa hiyo tu. Lakini hatukisii."

Nimepigwa na picha ya kifua. Majibu kesho, au baada ya sikukuu ya wafanyakazi.

30 Aprili

Sijalala. Sijavuta.

2 Mei

Sina.

Sista aliniita ndani akafunga mlango, na kwa kule kufunga mlango nilikuwa nimekwisha kufa. Akasema makohozi hayana vijidudu, picha ya kifua ni safi. Kikohozi ni cha sigara, kinaondoka, niendelee hivi hivi.

Nililia. Akanipa karatasi ya kujifuta, akangoja, kisha akauliza swali ambalo nadhani ni la kawaida, huwauliza wote. Nyumbani kuna mtu mwingine anayekohoa?

Nikamweleza habari za bibi. Nikamweleza na za babu: mwaka mzima, kukonda, jasho la kulowesha godoro. Nilikuwa naendelea kuongea na kadiri nilivyoongea uso wake ulibadilika. Akauliza babu alipimwa lini. Nikasema hakupimwa. Alikuwa mvutaji.

Kumbe nilikuwa nimekaa na hofu yangu imeelekea upande usio wake. Nilidhani mimi ndiye moto katika chumba kile.

Sista alinipa makopo mawili, akaniambia mengine yote kituo cha afya cha kule kitafanya. Akaniambia pia nisilale tena chumba kile. Nikasema bibi yuko eda. Akasema, "Naila, nimekusikia. Usilale chumba kile."

3 Mei, Kisarawe

Naandika barazani kwa tochi ya simu. Niandike kwa utaratibu, la sivyo kesho nitadhani nimeota.

Nilimkuta baba mdogo Mudathir barazani. Nilimsalimu, nikammiminia kahawa, nikamwambia nilichotumwa. Kwanza alikataa kwa upole. Mjane hatoki. Nikasema hatoki, kinachotoka ni kopo, yeye atakohoa humo humo ndani asubuhi na sisi tutapeleka. Akasema mama ana baridi. Nikasema babu naye tulisema ana sigara.

Hapo akakasirika, lakini kwa sauti ya chini, maana pazia la chumba cha ndani liko hatua chache tu kutoka barazani.

"Wewe umesoma, lakini watu wa huku huwajui. Ukitamka kifua kikuu katika nyumba hii, kesho kijiji kizima kitasema marehemu baba yangu alikufa na ule ugonjwa. Unataka kumvua mzee sanda?"

Mvua ilikuwa inapiga bati. Nilikuwa na nafasi ya kunyamaza. Akilini nilimwona bibi amekaa gizani na kanga dirishani, na nikaona mwaka mzima wa babu unaanza upya.

"Ule ugonjwa ninao mimi, baba mdogo."

Hakushtuka kama nilivyotarajia. Alitazama kikombe cha kahawa nilichommiminia. Nilimwona anakitazama. Hakukiweka chini na hakunywa.

Akauliza tangu lini. Nikamwambia. Akauliza nani mwingine anajua, nikasema wewe. Nikamwambia nameza dawa, sina hatari kwa mtu wa kunywa naye kahawa, na kwamba nimezungumza ili asiogope neno. Babu kukohoa hakumaanishi alikuwa na ule ugonjwa. Kifua kikuu ni cha yeyote anayepumua. Baba mdogo alivuta sigara yake mpaka ikafika kwenye vidole. Kisha akasema, "Mama asijue."

Kutoka nyuma ya pazia bibi akakohoa, akamaliza, akasema, "Mama kashajua. Mimi nimefiwa na mume, sijafiwa na masikio."

Akaniita. Nilipofunua pazia aliinua mkono. "Simama hapo hapo. Usiingie."

Nilisimama. Nadhani sijawahi kuogopa hivyo, hata siku ile nilipopewa majibu yangu ya kwanza. Alikuwa amejifunika mdomo kwa upande wa kanga nyeupe na macho yake yalikuwa makubwa.

Akauliza kama hiki kifua, kikiwa ndicho, kwangu ni kibaya kuliko kwa wengine. Nikasema ndiyo, bibi. Akauliza kama nilikuwa najua hivyo nilipokuwa nakuja kulala pale. Nikamwambia nilidhani mimi ndiye ninayemwambukiza yeye.

"Ungeniambia," alisema, "ningekufukuza siku ya kwanza."

Nikaanza kusema samahani. Akanikatiza.

"Ningekufukuza kwa mwiko. Nimemzika mume Januari. Nikuzike na wewe, nimefungiwa humu, nisiweze hata kuja kukuosha?" Akakohoa tena, akageuza uso ukutani, mbali na mimi, kama nilivyokuwa nikigeuza wangu. "Lete hilo kopo. Mwenye eda ni mimi, makohozi yangu hayana eda."

Nimeliweka kizingitini. Amelichukua nilipokwisha kurudi nyuma. Amemwamuru Mudathir aondoe kanga dirishani, atakayechungulia na achungulie, atamkuta mzee. Mimi nimetandikiwa mkeka sebuleni, karibu na mlango wa nje ulio wazi. Mbu wananimaliza.

4 Mei

Baba mdogo amelibeba kopo mwenyewe. Alilitia kwenye mfuko mweusi, akaufunga kwa kitambaa, akaliweka kifuani ndani ya koti kama mtu anayebeba mayai ya kuatamisha. Hakuniaga. Lakini kabla ya kuwasha pikipiki alirudi, akanywa kahawa niliyokuwa nimemmiminia, ya moto, kwa mkupuo, amesimama. Macho yamemtoka machozi kwa kuungua.

6 Mei, Kibaha

Wamekikuta kwa bibi.

Nimeambiwa kwa simu, nikiwa kazini, naangalia povu la sabuni. Nilisema asante kama mtu aliyeambiwa saa. Jioni nilisimama dukani nikanunua sigara moja. Muuzaji akauliza ya nani, kama wanavyotuuliza sisi wanawake. Nikasema ya baba. Nimetembea nayo mkononi mpaka geti la kiwanda, nikampa Wilfred aliyekuwa anatoka zamu. Akashangaa, akasema leo ni sikukuu gani. Nikamwambia ajue tu kwamba hicho ndicho kikohozi changu anachokivuta. Hakuelewa. Aliiweka nyuma ya sikio.

Babu tulimwua kwa jibu zuri. Naiandika sentensi hii na kuiacha. Sitaisema kwa mtu.

10 Mei

Nimeanzishiwa dawa za kinga ya kifua kikuu. Zinanitia kichefuchefu. Nakohoa kidogo, asubuhi tu.

17 Mei, Kisarawe

Bibi anaendelea na dawa. Rukaya, mhudumu wa afya wa kijiji, humletea na kumsimamia akimeza. Ni mwanamke, kwa hiyo eda haina neno. Siku ya kwanza bibi alipiga kelele chooni kwamba ameua figo, mkojo umekuwa mwekundu. Rukaya alimwambia ni rangi ya dawa. Leo ananiambia kwa sauti kutoka ndani, watu wa njiani wakisikia, "Mke mwenzangu, nakojoa juisi ya rozela. Ukitaka nikuwekee barafu."

Hajaniruhusu kuingia. Rukaya amesema zipite wiki za mwanzo. Nakaa uani chini ya dirisha lake nakaanga mihogo, yeye anaongea, mimi simwoni. Ameniuliza kama dawa zangu na zake zinagombana. Nimesema wataalamu wamezipanga. Ameniuliza kama mwanamume aliyeniambukiza yuko hai. Nimesema sijui. Akasema mihogo inaungua.

Majirani wameanza kupungua barazani. Mama mmoja alipewa chai akasema amefunga. Ni Jumamosi, na sunna hufungwa Jumatatu na Alhamisi.

25 Mei, Kisarawe

Rukaya alitaka kila aliyelala nyumba hii wakati wa ugonjwa wa babu apimwe. Wamekwenda wote isipokuwa baba mdogo Mudathir. Amekuwa na shamba, amekuwa na mazishi, amekuwa na pikipiki mbovu.

Leo jioni tulikuwa barazani, yeye na mimi. Mvua imeanza kuchoka, ilikuwa inadondoka tu kutoka kwenye paa. Alikuwa anazungumzia bei ya korosho. Akakohoa. Akaendelea na korosho. Akakohoa tena, kirefu, cha kuinama, na alipoinuka alifuta mdomo, akaitazama sigara iliyokuwa kati ya vidole vyake kwa uso wa mtu aliyeonewa.

"Sigara hizi," akasema.

Ana watoto wanne. Mdogo hata kutambaa hajaanza. Nilikuwa nalo kopo la pili ndani ya mkoba tangu siku ile, nikalitoa nikaliweka katikati yetu juu ya mkeka. Hakuligusa. Akasema nisimtie wazimu, kifua chake anakijua, ni cha sigara, amekuwa nacho tangu ujana. Kila alichosema nilikuwa nimekwisha kujiambia mimi mwenyewe, kwa maneno hayo hayo.

Nikamwambia kitu ambacho sikuwahi kumwambia mtu wa nyumba hii. "Na mimi nilivuta, baba mdogo. Miaka mitano. Na mimi nilisema hivyo."

Aligeuka akanitazama, na nakiri kwamba hili lilimshtua kuliko lile la kwanza. Akatazama pazia la chumba cha ndani, akasubiri bibi aseme neno. Tulimsikia tu anavyohema.

Kisha akasema, taratibu, kutoka ndani, "Mudathir. Baba yako alikuwa akisema hivyo hivyo, nami nikimwitikia."

Baba mdogo akaizima sigara kwenye ngazi. Akalichukua kopo, akalifungua kifuniko kwa shida kama mtu asiye na kucha, akashuka uani mpaka kwenye migomba, akatugeuzia mgongo. Tulimsikia anavuta pumzi. Nilitaka kumwambia asitoe mate, atoe kutoka chini kabisa. Bibi ndiye aliyemwambia.